Uliza Fundi: Landrova ya marehemu mjomba ni ya mwaka gani hasa?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali moja, pikapu hii ni ya mwaka gani. Nahisi ni kwa sababu msimu wa korosho unakaribia na kila mwenye chuma kilicholala uani anataka ajue anacho nini kabla watu wa Dar hawajateremka na hela zao. Basi leo ni mwaka wa gari tu, wale wa kabureta na difu mtanivumilia mpaka toleo lijalo.

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni kijana wa Masasi, marehemu mjomba wangu ametuachia Landrova pikapu, ile ndefu, na kikao cha ukoo kimenikabidhi mimi. Shida ni mwaka. Kadi imeandikwa 1980. Bibi anasema hiyo gari ililetwa na Wazungu wa karanga wa Nachingwea. Fundi wetu wa hapa anasema ni ya 1972 kwa sababu taa ziko kwenye madigadi na siyo katikati. Sasa kuna jamaa katoka Dar anasema kama ni ya miaka ya sitini ataongeza dau, kama ni ya 80 anatoa bei ya skrepa. Ni dizeli, stelingi kulia, geji ziko katikati ya dashibodi, shoo ya mbele ni wavu wa chuma. Kwenye kipleti cha ndani nimesoma 277 afu namba tano zingine na mwisho herufi D, kwingine kutu imekula. Ni ya mwaka gani, na nimwamini nani? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Tuanze na bibi maana mkubwa haachwi nyuma. Mpango wa karanga, ule wa Waingereza wa kulima karanga kwa mashamba makubwa, ulianza 1947 na Waingereza wakaufuta 1951. Landrova ya kwanza kabisa ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, kwa hiyo si ajabu bibi aliona Landrova enzi zile, akili yake iko sawasawa. Ila hizo za mwanzo zilikuwa fupi. Chukua tepu ya seremala, gari iwe imesimama sehemu tambarare na matairi yamenyooka, upime kutoka katikati ya ringi ya mbele hadi katikati ya ringi ya nyuma. Zile za 1948 hadi 1953 zinakupa kama sentimita 203, hiyo ndo inchi 80. Kuanzia 1954 zikaja za inchi 86 na ndefu ya 107, afu 1956 zikarefushwa tena inchi mbili zikawa 88 na 109. Umesema yako ndefu, basi naamini tepu itakwambia sentimita 277 au karibu na hapo, na hiyo ni 109. (Usichanganye na ile 277 ya kwenye kipleti, zimegongana tu kwa bahati.) Hakuna 109 iliyotengenezwa kabla ya 1956, miaka mitano nzima baada ya karanga kufutwa. Kwa hiyo bibi anaikumbuka Landrova, ila si hii.

Sasa fundi wenu. Hajakosea sheria, kakosea ushahidi. Ni kweli kabisa kwamba Landrova za zamani taa kubwa zilikaa katikati ndani ya shoo, na kiwanda kikazihamishia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya sitini, gari za kupelekwa nje zikianza 1968 na za Uingereza kwenyewe 1969. Lakini digadi la Landrova ni kitu cha bolti na nati, mafundi wawili na chai ya saa nne wanalitoa na kuweka lingine kabla ya adhuhuri, na huku kwetu kusini ambako gari imepita Rufiji kwa pantoni miaka yote hiyo kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, ikagonga miembe, ikakwama, ikavutwa na trekta, nani atasema madigadi ni yale yale? Ukiniletea Landrova yenye madigadi yake ya kwanza mi nitaomba nipige nayo picha.

Alichotakiwa kuangalia fundi ni dashibodi, na hapo wewe mwenyewe umeshamjibu bila kujua. Landrova ya Sirizi III, yaani toleo la tatu, iliyoanza 1971 na kwenda mpaka 1985, geji zake ziko mbele ya dereva, na shoo yake ni ya plastiki. Yako geji ziko katikati na shoo ni wavu wa chuma, hiyo ni tabia ya Sirizi II na IIA. Shoo inaweza kubadilishwa, sawa, lakini dashibodi hakuna anayehangaika kuirudisha nyuma iwe ya kizamani, kazi yote hiyo ya nini? Kuna na jaribio la gia kama gari inatembea: Sirizi III inaingia gia zote nne za mbele kiulaini, zilizotangulia gia ya kwanza na ya pili zinalia kama hujakanyaga klachi mara mbili. Ila gia boksi nalo linahama gari hadi gari kwa hiyo usilipe uzito sana.

Haya, hapo tumeshaiua 1972 na tumeiua 1980 ya kwenye kadi kwa mpigo mmoja. Hiyo 1980 isikushangaze, kadi za gari za zamani nyingi mwaka ulioandikwa ni wa siku mtu alipoisajili, au alipoinunua kutoka shirika au misheni, au karani aliuliza "ya mwaka gani hii" na aliyekuja nayo akajibu cha kwanza kilichomjia kinywani. Kadi inakwambia gari ni ya nani. Mwaka wa kiwandani ukautafute kwenye chuma.

Na chuma chenyewe ni hiyo 277. Kwenye Landrova za Sirizi IIA tarakimu tatu za mwanzo za namba ya chasisi si mapambo, zinasema gari ni aina gani. Zikianza na 24 ni fupi ya petroli, 25 ni ndefu ya petroli, 271 hadi 275 ni fupi ya dizeli, na 276 hadi 280 ni ndefu ya dizeli. Ndani ya hizo za mwisho 276 ni stelingi kulia ya soko la Uingereza, 277 ni stelingi kulia ya kupelekwa nje, 278 ni stelingi kulia iliyosafirishwa vipande vipande ikaunganishwe huko iendako, 279 na 280 stelingi kushoto. Yako ni 277, ndefu, dizeli, stelingi kulia, ya kupelekwa nje. Kila ulichoniandikia kinakubaliana nayo. Sirizi IIA ilianza 1961 ikaisha 1971 na ndiyo iliyokuja na ile injini ya dizeli ya ukubwa wa cc 2286 ambayo mpaka leo ukiisikia asubuhi inawaka unajua tu kuna mtu anakwenda shamba.

Herufi ya mwisho ndo watu wanajichanganya. D si mwaka. Kiwanda kilikuwa kila kikibadilisha jambo kubwa kwenye mashine, ambalo muuza spea anapaswa kulijua, kinasogeza herufi mbele, A, B, C, na kuendelea. Kwa hiyo herufi inakupa foleni, nani katangulia nani kafuata, haikupi tarehe. Lakini inatusaidia hivi: D iko kwenye foleni kabla taa hazijahama kwenda kwenye madigadi. Maana yake gari yako ilitoka kiwandani taa zikiwa katikati, na hayo madigadi yenye taa ni ya gari nyingine. Jibu langu basi ni hili: Sirizi IIA, baada ya 1961 na kabla ya 1968, na mimi nikilazimishwa nitasema katikati ya miaka ya sitini. Jamaa wa Dar aongeze dau.

Lakini subiri kwanza usimpigie simu. Kipleti kina misumari midogo tu, kinatolewa kwenye gari moja kinawekwa nyingine, na mnunuzi anayejua atakwambia hivyo hivyo ili ashushe bei. Namba hiyo hiyo iligongwa pia kwenye chasisi yenyewe. Nenda mbele upande wa kulia wa gari, pale springi ya mbele inaposhikwa na chasisi nyuma kidogo ya bampa, ndo hapo. Usiende na grinda! Nimeona vijana wanapitisha grinda namba inabaki uso mweupe kama sahani. Paka mafuta ya taa au dizeli usiku, asubuhi sugua taratibu kwa brashi ya waya ya mkono, futa na kitambaa, afu pitisha chaki nyeupe kwa ubavu, ile chaki inakaa kwenye mashimo ya namba nayo inajitokeza. Mwanga uwe wa pembeni, saa moja asubuhi au jioni, jua la saa sita halioneshi kitu. Piga picha hapo hapo. Ikisoma 277 na zile tano na D kama kipleti, umemaliza ubishi wote.

Kama chasisi nayo imeliwa, na kwa gari iliyokaa pwani hilo linawezekana sana maana bodi ya Landrova ni ya aluminiamu lakini chasisi ni chuma, chumvi ya hewa inaila chasisi huku bodi inakuchekea, basi tafuta mashahidi wadogo. Vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas, starta, dainamo, mota ya waipa, vingi vimegongwa tarehe kwenye ganda, utaona namba ya kifaa na pembeni mwezi na mwaka kwa tarakimu chache. Na vioo. Kama kuna kioo bado cha kampuni ya Triplex chenye maandishi pembeni, angalia neno TOUGHENED, lina herufi tisa, chini ya mojawapo kuna nukta. Hesabu herufi kutoka kushoto, T ni 1, O ni 2, mpaka D ya mwisho ambayo ni 9, hiyo ndo tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kioo, na pasipo na nukta ni sifuri. Haikwambii ni 64 au 74, hilo utaamua kwa mengine yote. Kioo kimoja kinaweza kuwa kimebadilishwa, lakini kioo na starta na mota ya waipa vyote vikikaa kwenye 1964, 1965, hapo hata mimi nakaa kimya.

Ukitaka tarehe yenyewe, siku gari ilipotoka kiwandani, kuna jumba la makumbusho la magari la Uingereza, British Motor Museum, liko Gaydon, wanazo kumbukumbu za kiwanda za Landrova za zamani. Unawapa namba ya chasisi, unalipia, wanakutolea cheti chenye tarehe ya kutengenezwa na mahali ilikopelekwa. Kama mnauza kwa mtu anayekusanya magari ya zamani kile cheti kinarudisha hela yake, kama mnabaki nayo mbebee korosho basi hela hiyo kanunulie matairi. Na kwa kuwa ni mali ya ukoo, hiyo picha ya namba uwaoneshe na wajomba waliobaki kabla hujakubali bei na mtu, usije ukaambiwa umeuza mwenyewe.

SWALI: Kaka fundi habari za kazi. Nakuandikia kutoka Lindi mjini. Mume wangu anataka tununue Hilux ya zamani iwe inabeba chumvi na dagaa, muuzaji anasema ni ya 1985 na anang'ang'ania bei ya 1985. Mi si fundi ila nina macho, ile gari inaonekana kongwe kuliko hiyo ya jirani yetu ambayo yeye anasema ni ya 84. Nilifungua boneti nikapiga picha kibati, kimeandikwa RN30 na mengine. (Dada wa Lindi)

JIBU: Salama dada yangu, na macho yako ni mazuri kuliko ya mume wako, mwambie nimesema.

Toyota hawaandiki mwaka kwenye namba zao za zamani za chasisi. Utaisoma mbele nyuma hutauona, ni aina ya gari halafu namba ya foleni basi. Kwa hiyo kwenye Hilux tunasoma kizazi, na kizazi kiko kwenye hizo herufi na tarakimu ulizopiga picha. Herufi ya kwanza ni ukoo wa injini: R ni petroli, L ni dizeli, na baadaye ikaja Y petroli pia. N ndo Hilux yenyewe. Tarakimu zinazofuata ndo umri. Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968, ilitengenezwa na Hino, hizo ni RN10 na wenzake. Mei 1972 kikaja kizazi cha 20. Mwaka 1978 kikaja cha 30 na 40, humo ndo 1979 Hilux ikapata forwili kwa mara ya kwanza, kabla ya hapo ilikuwa ya kuvuta nyuma tu. Mwaka 1983 wakabadilisha tena, 50, 60 na 70, hapo ndo unakuta LN65 ambazo wazee wengi wanazijua. Na 1988 wakaleta zile za 80 mpaka 110, ikiwemo LN106 ambayo huku kusini haihitaji kutambulishwa kwa mtu.

RN30 yako basi ni kizazi cha 1978 hadi 1983, injini ya petroli ilivyotoka kiwandani. Ile ya jirani kama kweli ni ya 84 ni kizazi kilichofuata, bodi limenyooka zaidi na lina kona, ndo maana jicho lako lilikataa. Muuzaji anaweza kuwa hadanganyi kwa makusudi, labda 1985 ni mwaka ilipoingia nchini au ilipoandikishwa, lakini ukinunua gari unalipia chuma.

Sasa angalia mambo mawili kabla ya bei. Kwanza linganisha kibati na chasisi: kwenye Hilux namba imegongwa kwenye bomba la chasisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi, unageuza stelingi yote upande mmoja tairi likae pembeni unaingiza tochi. Kibati kisome RN30 na chasisi nayo isome RN30. Vikitofautiana, hilo bodi limekalishwa juu ya chasisi ya mwingine, na hapo siyo suala la mwaka tena, ni suala la hiyo gari ni ya nani. Pili, nimesema RN ni petroli ilivyotoka kiwandani. Ukifungua boneti ukakuta dizeli, si dhambi, mafundi wanabadilisha kila siku, ila uliza kama mabadiliko ya injini yapo kwenye kadi, maana namba ya injini iliyoandikwa pale isipolingana na iliyopo utazungushwa siku ya kuhamisha umiliki.

Ukitaka kuwakatia ubishi kabisa ingia ndani ya gari. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, pale chini unapofungwa mara nyingi kuna lebo ya kitambaa yenye tarehe. Geuza kipande cha plastiki chochote, kifuniko cha taa, kava la fyuzi, utaona kiduara kidogo kina tarakimu na mshale ndani, hiyo ni tarehe ya kumimina plastiki. Tarehe hizo siku zote zinatangulia gari kidogo, hazichelewi, kwa hiyo ukikuta vipande vitano vya 1979 na 1980, na muuzaji bado anasema 85, mwache aseme.

Na kwa kazi ya chumvi, dada, mwaka si kitu kikubwa sana, bora ujue chasisi chini ya bodi la nyuma ikoje. Piga na nyundo ndogo kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi na unga mwekundu unamwagika. Gari iliyobeba chumvi miaka miwili bila kuoshwa chini inaizidi uzee iliyobeba korosho miaka kumi.

SWALI: Mambo vipi fundi. Niliona video moja jamaa anafundisha kwamba herufi ya kumi kwenye namba ya chasisi ndo mwaka wa gari. Nimehesabu kwenye pikapu ya mzee, haifiki hata kumi na saba, na ya kumi ni tarakimu tu 0. Inamaanisha ni feki? (Kijana wa Chikongola, Mtwara)

JIBU: Poa. Siyo feki, ni video ya watu wengine. Namba ya herufi na tarakimu 17 ilifanywa lazima Marekani kuanzia gari za modeli ya 1981, na wao ndo waliweka sheria kwamba nafasi ya kumi iwe mwaka, B ikawa 1981, C 1982, hivyo hivyo, ikifika miaka thelathini inarudia, ndo maana B ni 1981 na pia ni 2011. Watengenezaji waliokuwa wanauza Afrika au Japan hawakulazimika kufuata hilo la nafasi ya kumi, wengine wanaweka 0 hapo kwa kila gari. Na gari iliyotengenezwa kwa soko la Japan yenyewe haina 17 kabisa, ina herufi za aina ya gari, kistari, na namba. Kwa pikapu ya mzee tumia njia niliyomwandikia dada wa Lindi hapo juu. Kama ni Landrova ya kabla ya 1979 nayo usihangaike kuhesabu, namba za 17 kwao zilianza mwishoni mwa mwaka huo.

SWALI: Babu yangu Newala ana Pijo 404 pikapu imekaa chini ya mkorosho tangu sijazaliwa, anasema ni gari ya mashindano. Wajukuu tunamcheka. Kuna ukweli? (Mjukuu)

JIBU: Acheni kumcheka. Peugeot 404 ilitoka 1960, mchoro wa Pininfarina, wachoraji wa magari wa Italia, ndo maana ya saluni ina yale mapezi nyuma, na pikapu yake ilikuja baadaye ndani ya muongo huo huo. Na Safari Rally ya Afrika Mashariki 404 ilishinda mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland ambaye alikuwa anaishi hapa hapa Tanzania. Zile zilikuwa saluni, pikapu ya babu haikwenda mashindanoni, lakini babu anajua anachokisema kuliko nyie. Mwaka wake mtaupata kwa kufungua boneti na kutafuta kibati kilichopigwa ribiti, mniandikie namba za mwanzo na mnipigie picha ya dashibodi, taa za nyuma na bodi la nyuma. Na mkate matawi ya huo mkorosho, utomvu wake ukidondokea bodi unakula rangi mpaka chuma.

SWALI: Fundi, chasisi ya pikapu yangu imeoza pale penye namba. Fundi wa kuchomelea hapa Mikindani anasema atakata kipande aweke bamba jipya afu atagonga namba ile ile kwa seti ya kugongea. Ni sawa? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Asiguse. Namba ikigongwa upya kwa mkono inaonekana, herufi hazikai mstari mmoja na kina hakilingani, na askari wa ukaguzi akiiona gari yako inakuwa gari ya wizi mpaka uthibitishe vinginevyo, hata kama wewe ndo mwenyewe tangu mwanzo na kadi unayo mfukoni. Kabla hakijakatwa chochote piga picha za namba kwa mwanga wa pembeni, piga na picha za kipleti, chukua kadi, nenda polisi wa usalama barabarani waikague ikiwa bado nzima, afu na karatasi yao nenda TRA uwaulize wanataka ifanyike vipi, usajili wa gari uko kwao. Fundi anaweza kuchomelea bamba la kuimarisha kwa ndani au kwa chini bila kugusa uso wenye namba, mwambie hivyo. Akisema haiwezekani tafuta mwingine, Mtwara mjini wapo.